Ghala Nje ya Ukuta

Kosa langu la kwanza lilikuwa kujenga nyumba juu ya dhahabu. Nilikuwa nimeketi mbele ya kompyuta kwa mara ya kwanza maishani, katika chumba kimoja cha Kasulo, mtaa wetu wa Kolwezi, na mchezo ulinipa kipande cha nchi ya zamani, nchi ya ngome na wapanda farasi: mto upande mmoja, msitu upande wa pili, na katikati madoa ya njano yanayong'aa. Sikusita. Nilichukua nyumba ya kwanza niliyopewa nikaiweka juu ya yale madoa, nikangoja watu wangu waanze kuchimba sakafuni. Hawakuchimba. Walisimama nje na sururu zao wakitazama ukuta. Katika mchezo ule, ukijenga juu ya madini umeyafunika, na hakuna awezaye kuyafikia tena.

Nyuma yangu mzee mmoja alicheka mpaka akashika meza.

"Ule njo mutoto wa Kasulo," akasema, kwa Kiswahili chetu ambamo "njo" ni "ndiye". "Mu dunia yote bantu banachimba mbali na nyumba. Yeye anaweka kitanda juu ya shimo."

Alikuwa na haki ya kucheka, lakini nami nilikuwa na sababu. Kwetu watu walichimba ndani ya nyumba zao wenyewe. Jirani yetu alisogeza kabati, akavunja saruji ya sebule, akashuka kutafuta kobalti, na mkewe aliendelea kupika hatua chache kutoka kwenye mdomo wa shimo. Ningejuaje kwamba kuna nchi ambako nyumba na mgodi ni vitu viwili?

Mzee huyo tulimwita Tata wa Mashini, baba wa kompyuta. Jina lake halisi nililisikia mara moja tu na sitaliandika, kwa sababu kulikuwa na wakati katika mji huu ambapo jina peke yake lilitosha kumtoa mtu nyumbani kwake. Nitasema mapema alichokitaka, maana kila aliyecheza kwake alikijua. Alitaka nyumba yake. Si ile ya Kasulo, iliyokuwa na chumba cha mchezo mbele na kitanda chake nyuma ya pazia. Alitaka ile ya mtaa wa wafanyakazi wa kampuni ya migodi, yenye baraza jekundu na mti wa avoka mbele ya mlango. Aliishi humo alipokuwa fundi wa umeme, na alitolewa humo miaka ile ya kufukuzana, yeye na maelfu ya wengine ambao baba zao waliletwa kutoka Kasai kufanya kazi migodini. Alizaliwa hapa hapa Kolwezi, lakini hilo halikumsaidia.

Chumba chake kilikuwa na mashini nne, zote kuukuu. Zilitoka katika ofisi za kampuni ilipoanguka, wakati mishahara ilipoacha kuja na kila mtu alipoondoka na alichoweza kubeba: huyu kiti, yule bati, mwingine waya. Tata alizikuta sokoni zikiuzwa kwa ajili ya vyuma vyake. Alizinunua, akazifungua moja baada ya nyingine, akazifufua, kisha akaziunganisha kwa waya ili watu wanne waweze kucheza katika ramani moja. Kila asubuhi alizifunua vitambaa na kuzipulizia vumbi kwa pampu ya baiskeli. Alivaa ovaroli ya bluu ya kampuni, iliyopauka mabegani, na kalamu mfukoni ingawa sikumwona akiandika. Chai yake haikuwa na sukari. Karanga zake hakumgawia mtu, lakini kijana asiye na kitu mfukoni aliweza kucheza jioni nzima ikiwa ameleta ndoo ya maji.

Chini yetu wachimbaji walikuwa kazini. Tulisikia nyundo zao kupitia sakafu, na vikombe vya chai vilitetemeka juu ya meza. Siku moja adui alikuwa ameizunguka ngome ya Ilunga, mchimbaji wa rika langu aliyekuja kucheza huku tope halijamkauka magotini. Mara kishindo kikatoka ardhini kwelikweli. Ilunga aliruka kutoka kwenye kiti.

"Banaingia kwa chini! Tata, banaingia kwa chini!"

"Ule ni baba yako mukubwa, iko nachimba," Tata akajibu bila kugeuka. "Kaa. Linda mulango."

Ili mtu aelewe aliyotufundisha, ni lazima nieleze nafasi za kuanzia. Ramani yetu ilikuwa na pembe nne. Mtoni kulikuwa na samaki, ardhi laini ya mashamba, na mto uliojipinda ukalinda mji pande tatu. Kilimani kulikuwa na mawe na dhahabu. Msituni kulikuwa na mbao na nyama. Pembe ya nne tuliiita Pembe Kavu: vichaka, mbuzi wachache, na dhahabu iliyo mbali kiasi kwamba wachukuzi walizeeka njiani. Ukibonyeza kuanza, mashini ilimtupa kila mchezaji popote ilipotaka. Lakini aliyeketi kwenye mashini ya kwanza aliweza kufunga kila kitu na kuanzisha tena, na hapo nafasi ziligawanywa upya, miti na mbuzi vikatawanywa upya. Hilo tuliliita kutupa ramani.

Mimi nilikuwa mtupaji. Nilifika kabla ya wenzangu ili niketi kwenye ile mashini ya kwanza, na nilitupa. Nilitupa nikianguka Pembe Kavu, nilitupa nikianguka Kilimani, na hata nikiwa Mtoni nilitupa kwa sababu mbuzi walikuwa ng'ambo. Kitu ambacho hakikuanza vizuri sikuweza kukivumilia, sijui kwa nini. Nilikuwa hivyo hivyo nje ya mchezo. Nilikuwa nimeacha masomo ya juu baada ya wiki chache kwa sababu nilikosa somo la kwanza nikaona mwaka umeharibika. Nilijifundisha kompyuta peke yangu, kwa kusoma maelezo ya Kifaransa yaliyofichwa ndani ya mashini zenyewe. Nikisahau kitu kimoja nilirudi ukurasa wa mwanzo. Kurasa za mwanzo nilizijua kwa moyo, za mwisho sikuwahi kuzifikia.

Baada ya wachezaji wengine kulalamika, Tata alitundika kipande cha kartoni ukutani: ANAYETUPA RAMANI ANASIMAMA. Maana yake ni kwamba ukitupa, unampa kiti yule anayengoja mlangoni. Umeme wetu ulikuwa wa kukatika, hakuna aliyekuwa tayari kuupoteza kwa kuanza bila kucheza.

"Tata, ona," nilimwambia siku ya kwanza ya sheria ile, nikiwa Pembe Kavu. "Mbuzi zote ziko nyuma ya mawe."

"Niko naona."

"Na maji iko mbali."

"Iko mbali."

"Sasa nitaanza namna gani?"

"Na miguu."

Ilunga akapiga meza kwa kicheko. "Ndugu, simama tu! Wewe uko fundi wa kuanza. Siku ya kufa utaomba bakuzale tena!"

Sikusimama. Nilicheza, nikashindwa kabla chai haijapoa. Tata alinitazama kana kwamba nimefanya jambo la maana.

"Umeshindwa muzuri," akasema. "Ile zingine haukushindwa, ulikimbia."

Maneno yake mengi yalikuwa ya namna hiyo, mafupi, kama mtu anayetoa waya kwa koleo. Tukilaumu ramani alisema, "Ramani haikujui. Haina kasirani na wewe." Mtu akijisifu kwa nafasi nzuri aliyopata, alimwuliza kama ni yeye aliyechimba mto. Hasira ikimpata alihamia Kifaransa, na akawa mpole ghafla, akimwita mkosaji "monsieur", yaani bwana. Alihesabu kwa Kiluba cha Kasai, kwa sauti ya chini, lakini ndoto zake alisema zilikuwa kwa Kiswahili cha Kolwezi. "Huku balisema mi si wa huku," alituambia. "Kule Kasai nikafika, banasema: ona, Mukatanga amefika. Bananicheka vile niko nasema. Nikarudi huku."

Alipocheza mwenyewe, na hilo halikutokea mara nyingi, alikuwa na tabia moja iliyotushangaza. Popote alipoanguka alijenga kwa utaratibu: kisima, nyumba, shamba, ukuta. Ukuta wake ulikuwa safi, hata mimi niliuonea wivu. Kisha ghala la chakula alilijenga nje. Nje kabisa, upande wa njia, mahali ambapo mtoto angeweza kuliteka.

"Tata, ghala inje ya ukuta?" Ilunga alisema mara ya kwanza. "Bataiba yote!"

"Baibe."

"Shi weka ndani, basi!"

"Siku ya kutoka," Tata akasema, macho yakiwa kwenye kioo, "hautapata wakati ya kufungua mulango."

Ilunga akarudi kwenye kiti chake. Tangu siku hiyo hatukumwuliza tena, na tulipompiga vitani hatukuligusa ghala lake. Hakuna aliyetuagiza. Ikawa desturi ya chumba kile: Pembe yoyote atakayoanguka Tata, ghala lake halichomwi.

Lakini Tata, mtu aliyetukataza kurudi nyuma, alikuwa na Jumapili zake. Baada ya misa hakuja moja kwa moja Kasulo. Alipanda mpaka mtaa wa wafanyakazi, akapita mbele ya nyumba yenye baraza jekundu, akaendelea mpaka mwisho wa barabara, akageuka, akapita tena. Hakusimama. Nilijua kwa sababu siku moja nilimfuata kwa mbali. Kesho yake nilitaka kutupa ramani, akaninyooshea kidole kwenye kartoni. Nilikaribia kumwambia kwamba yeye hutupa ya kwake kila Jumapili. Badala yake niliiacha ramani ile, nikacheza.

Alikuja kwetu mara moja, kumtazama mama alipokuwa mgonjwa. Sisi ni watu wa kaskazini ya Katanga, na miaka ile hakuna aliyetufukuza. Baba alifika Kolwezi kabla sijazaliwa. Sebuleni tuna kabati la mninga lenye milango ya vioo, kitu kizuri kuliko vyote tulivyo navyo. Mama alilinunua miaka ile, wakati watu waliokuwa wakiondoka walipanga vyombo vyao kando ya barabara na kupokea chochote walichopewa. Sijui lilikuwa la nani. Tata aliketi mbele yake, kofia magotini, akalitazama.

"Kabati muzuri, mama," akasema.

"Ya zamani, tata," mama akajibu, akaanza kuongea juu ya mvua.

Walizungumzia mvua mpaka akaaga. Alipotoka, mama aligeukia ukuta na hakutaka chai. Kwetu hilo pekee ndilo tulilowahi kulisema juu ya miaka ile: mvua.

Sasa nifike kwenye ugunduzi wangu, ambao niliuonea fahari sana. Nikipekua maelezo ya Kifaransa nilikuta kwamba kabla ya kuanza mchezo kuna mahali pa kupanga nani aanzie wapi. Jina lako liko kwenye mstari, na kando yake alama ndogo. Unaigeuza alama mpaka inaandika nafasi unayoitaka. Hakuna haja ya kutupa ramani tena. Niliweka jina langu Mtoni, nikacheza hivyo siku kadhaa bila kumwambia mtu. Wenzangu walisema nina bahati. Nilijenga mji nilioutamani siku zote, mashamba yamenyooka kama mistari ya daftari, na bado niliwatazama mbuzi wa ng'ambo.

Mwishowe nilimwonyesha Tata, chumba kikiwa kitupu na majina ya jana yakiwa bado kwenye kioo. Nilitegemea asifu kazi yangu. Alivaa miwani, akasogea.

"Ile najua," akasema. "Mi njo niliunga hizi mashini. Nilijua tangu siku ya kwanza."

"Na haukutuambia?"

"Geuza tena. Polepole. Usiangalie jina yako, angalia ya Ilunga."

Niligeuza. Jina langu lilikuwa Pembe Kavu, likahamia Mtoni. Katika mstari wa chini, Ilunga, aliyekuwa Mtoni, akaruka akaandikwa Pembe Kavu. Niligeuza mara nyingine. Akaruka tena. Siku zote zile sikuwa nimeutazama mstari wa chini. Nafasi zilikuwa nne na watu wanne, na mimi nilipochagua, kulikuwa na mtu aliyehamishwa bila kuulizwa.

"Mashini inafanya mubaya, ile ni bahati tu," Tata akasema. "Wewe uko nafanya na kidole."

Halafu umeme ukakatika, na kwa kuwa haukurudi, alinihadithia. Alifanya hivyo mara hiyo tu. Alitoka zamu akakuta vijana wameketi kwenye baraza lake jekundu. Alimjua mmoja wao. Alikuwa amemfungia taa nyumbani kwao. Hawakumpiga. Yule kijana alimwambia kwa adabu, "Tata, nyumba imepata mutu," kama mtu anayetoa habari za basi lililojaa. Mkewe alikuwa ameshafunga nguo ndani ya shuka. Chakula kilikuwa stooni, nyuma ya mlango uliofungwa, na ufunguo haukuonekana, na vijana walianza kuchoka kungoja. Waliondoka bila unga. Kituoni walikaa muda mrefu na watu wengi kuliko aliowahi kuona, wakingoja treni, wakilala kati ya reli na ukuta. Mkewe aliugua pale. Alizikwa njiani, mahali ambapo Tata hakuweza kupataja jina kwa sababu treni ilikuwa imesimama porini.

"Kwa sababu ya mulango moja," akasema.

Kisha akavua miwani, akapuliza vumbi kwenye mashini ambayo haikuwa na vumbi.

Nilidhani nimemwelewa. Ndiyo maana ninaona aibu kidogo kueleza jinsi nilivyofurahi uzio ulipokuja. Wakati ule Kasulo ilikuwa imejaa mashimo, na ikaamuliwa kwamba sehemu yetu itazungushiwa ukuta, ichimbwe kwa utaratibu, na wakazi waondoke. Watu walipita wakiweka alama za rangi nyekundu kwenye nyumba. Aliyetaka angepewa fedha, aliyetaka angepewa nyumba mbali, katika mtaa mpya. Kina mama walilia, Ilunga alitukana rangi na aliyeitengeneza. Mimi nilihesabu jambo moja tu kichwani: Tata atapata fedha, na kwa fedha ile anaweza kwenda kuinunua nyumba yake. Kwa halali, kwa kukubaliana. Hatimaye angeanzia pale alipotaka.

Na yeye pia aliwaza hivyo. Aliniomba nimsindikize.

"Wewe unajua kupanga maneno," alisema. "Mi nikifika pale nitasema bibaya."

Nilimpangia maneno. Tulifanya mazoezi chumbani, mashini zikiwa zimeshafungwa ndani ya maboksi: salamu, kisha yeye ni nani, kisha ombi. Nilibadilisha sentensi ya pili mara nyingi mpaka akaniambia niiache ipumue. Jumamosi alinyoa ndevu, akavaa koti jeusi la misa. Nilimwona akipunguza mwendo tulipokaribia, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote aliyopita pale, akasimama.

Mti wa avoka ulikuwa mkubwa, ukifunika nusu ya baraza. Chini yake mama mmoja mwenye mvi alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo, na mjukuu wake alikuwa akiandika kazi ya shule juu ya kibao.

"Karibuni," alisema. "Munatafuta nani, tata?"

Nilimtazama Tata. Sentensi ya kwanza ilikuwa yake.

"Tuko napita tu, mama," akasema. "Naomba mayi."

Mama alimtuma mjukuu, akatuletea viti mwenyewe. Tata alikunywa polepole. Macho yake yalipita kwenye mlango, kwenye dirisha, yakapanda mtini.

"Muti huu unazaa," akasema.

"Sana! Si siye tulipanda, tulikuta. Bwana yangu kabla ya kufa alitaka kuukata, mizizi iko napasua baraza. Nikakatala. Mwenye alipanda alikuwa na mukono muzuri." Akapangusa mikono kwenye kitenge. "Lakini sasa sijui. Beko nasema ule ukuta wa Kasulo utafika mpaka huku. Ni kweli, tata? Mutoka Kasulo?"

"Tunatoka Kasulo."

"Basi muniambie. Mi niko na bajukuu sita mu nyumba. Bakinitoa hapa, nitaanza wapi?"

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa ndani ya sentensi ya tatu: kwamba hapa kuna mtu mwenye fedha mkononi, mpole, anayeijua nyumba. Nilimgusa Tata kiwiko. Alirudisha kikombe kwa mikono miwili.

"Hautatoka, mama," akasema. "Usisikilize bya njiani."

Yule mama akatupatia mfuko wa avoka. Tulitembea hadi mwisho wa barabara, na hapo nikashindwa kujizuia.

"Tata, umesahau kuuliza!"

"Sikusahau."

"Alikuwa na hofu, angekubali!"

"Njo ile. Mwenye hofu anakubali yote." Alihamisha mfuko mkono wa pili. "Pale kuna mutu. Nikiingia, yeye anaruka. Umeona mwenyewe vile banaruka."

"Lakini ni yako. Ulipanda ule muti."

"Ni yangu," akasema, akauweka mfuko wa avoka chini. "Ni yangu, mutoto. Sisemi si yangu."

Jumapili iliyofuata hakwenda misa ya mjini. Alichukua fedha zake, mashini moja, pampu ya baiskeli, akaondoka upande wa magharibi. Mashini zilizobaki alitugawia. Mji wetu wa mchezo ukavunjwa pamoja na mtaa, na mahali pa chumba kile sasa ni ndani ya ukuta, siwezi hata kupanyooshea kidole.

Nilikwenda kumtafuta baadaye sana, kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye meno. Alikuwa Kasaji, karibu na reli. Treni ikikumbuka, hupita pale kwenda Dilolo. Ana kibanda chenye paneli ya jua, anachaji simu za wakulima na kutengeneza redio. Ovaroli ni ile ile, mabega yamekuwa meupe. Mashini iko mezani chini ya kitambaa.

Alinikaribisha kwa chai bila sukari, na safari hii akanisogezea karanga. Kitu cha kwanza alichouliza kilikuwa:

"Muti uko?"

"Uko, tata."

"Na mama?"

"Yuko. Ukuta haukufika."

Aliitikia kwa kichwa mara nyingi, kama mtu anayesikiliza wimbo uliochezwa mbali. Kisha akafunua mashini. Mimi nilikuwa nimebeba ya kwangu na waya, tukaziunganisha, tukaketi mgongo kwa mgongo, yangu juu ya boksi kwa sababu meza ilikuwa ndogo.

"Nani anapanga nafasi?" nikauliza.

"Acha mashini ipange."

Ikanipa Mtoni. Yeye ikampa Pembe Kavu, na nikamsikia akicheka nyuma yangu, kicheko kile kile cha siku ya dhahabu. Tulijenga bila haraka. Nje mwanamke aliuliza kama simu yake imejaa, akaambiwa bado, akaketi kungoja. Nilipotuma mpanda farasi wangu kupeleleza upande wake, nilifuata njia mpaka mlangoni, nikitafuta ghala ili nilizunguke kama desturi yetu ilivyokuwa. Upande wa njia hapakuwa na kitu. Nilizunguka ukuta mzima. Kisha nikaliona kupitia lango: ghala lilikuwa ndani, katikati ya mji, pembeni ya kisima.

"Tata," nikasema. "Ghala."

"Niko nayo," akajibu. "Huku sitoki tena. Cheza."

Tangu safari ile situpi ramani tena. Nina meza ya kutengeneza simu kwenye kona ya barabara ambayo sikuichagua, yenye jua la mchana na maji mbali, na kazi ninazozianza ninazimaliza, nyingine vibaya. Kabla ya kuiweka meza niliuliza kama kuna mtu aliyekuwa akikaa pale. Na Jumapili, baada ya misa, napanda mtaa wa wafanyakazi kumsalimu yule mama, nautazama mti, halafu nampigia Tata simu kumwambia kwamba uko.